Nani Atakuuliza?

Wengi wetu tuliletwa Garissa na barua. Barua ya Tume ya Huduma za Walimu, barua ya polisi, barua ya benki au ya hospitali. Mwingine aliitwa na shemeji aliyefungua duka akataka mtu wa kumwachia funguo. Ukikaa viti vya nyuma kanisani Jumapili utazitambua lafudhi moja moja: Wakamba wa Mwingi, Wameru, Waluhya, Waluo, Wakikuyu, na Wapokomo waliopanda kutoka huko chini Tana. Tu wachache katika mji wa Waislamu, na wengi wetu tunaishi tukijua kwamba siku moja barua nyingine itakuja. Watoto wetu hawaandikiwi barua. Wao hupakiwa tu pamoja na vyombo.

Mimi ni mlezi wa wasichana wa kanisa letu, wa miaka 12 hadi 18. Tunakutana Jumamosi alasiri, jua linapoanza kulegea, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya jengo la ibada, na lazima tuwe tumetawanyika kabla giza halijaingia. Kila msichana ana daftari. Muhula unapoanza anaandika malengo manne, na unapoisha tunakaa kuyaangalia. Manne hayo hatukuyabuni sisi. Luka, katika sura ya 2 aya ya 52, anaeleza kwa maneno machache jinsi Yesu alivyokua pale Nazareti: kwa akili, kwa mwili, mbele za Mungu na mbele za watu. Makanisa mengi duniani yamechota mipango yao ya vijana humo. Hata Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilipoanza programu yake mpya ya watoto na vijana Januari 2020, liliigawa katika pande hizo hizo nne.

Ninaipenda aya hiyo kwa sababu nyingine pia. Kabla yake tunamwona mvulana wa miaka 12 akiwa hekaluni na walimu. Tukimkuta tena ni mtu mzima wa miaka 30 hivi, yuko mtoni Yordani. Katikati Injili zimenyamaza. Miaka yote ile ilikuwa ya kukua kusikosimuliwa na mtu, na wasichana wangu wako ndani ya miaka hiyo hiyo.

Msichana mgeni akipewa daftari kwa mara ya kwanza huandika malengo ya watu wengine. Nitakuwa daktari: hilo ni la baba. Nitaimba kwaya: hilo ni la mama. Nitamtii Mungu siku zote: hilo ameliandika kwa ajili yangu, ili nifurahi. Simkatazi. Namwacha ayaandike yote, kisha namwomba ageuze ukurasa na kuandika jambo moja ambalo angelitaka hata kama hakuna mtu mzima atakayelisoma. Hapo kalamu husimama. Wapo waliokaa na ukurasa mtupu wiki mbili. Mmoja aliandika kwamba anataka kujifunza kukaanga chapati zisizokauka, kwa sababu mama yake hutoka kazini usiku akala ngumu bila kulalamika. Lilikuwa lengo zuri kuliko udaktari wote niliousoma muhula ule, maana alijua ni la nani, aanze lini, na atajuaje kwamba limetimia.

Walio na elimu ya mambo haya wameyachunguza sana. Edwin Locke na Gary Latham walitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtu anayepewa lengo mahususi na gumu kidogo hufanya vizuri kuliko anayeambiwa ajitahidi kadiri awezavyo. Mwaka 1975 Latham na mwenzake waliandika habari za madereva wa malori ya magogo Marekani. Walikuwa wakipakia karibu asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa na sheria. Wakawekewa lengo la asilimia 94, na katika miezi michache wakapita 90. Hakuna aliyeongezewa mshahara kwa hilo.

Nimeyaona hayo chini ya mwarobaini wetu. Aliyeandika kwamba atajitahidi katika hisabati hufika Aprili akiwa pale pale alipokuwa Januari. Aliyeandika kwamba atafanya hesabu tano za aljebra kila usiku kabla ya kulala husogea. Lakini wataalamu wale waliweka sharti moja ambalo watu hulipita haraka: lazima mtu apate habari ya mahali alipofika. Dereva alikuwa na mizani, na kila shehena ilimpa jibu. Msichana wa miaka 14 hana mizani. Yeye anahitaji mtu anayekumbuka alichosema na ambaye atamuuliza.

Aliyenionyesha hili ni binti wa polisi. Baba yake alipata uhamisho kwenda Lodwar katikati ya muhula, na siku moja kabla ya safari msichana alikuja nyumbani na daftari lake amelifunga kwa mfuko wa plastiki.

"Mwalimu, nimekurudishia."

"Ni lako, mwanangu. Nenda nalo."

"Nikienda nalo, nani ataniuliza?"

Alikuwa anasoma Agano Jipya lote, sura mbili kwa siku, na alikuwa amefika Matendo ya Mitume. Huko aendako angekuwa na Biblia ile ile na macho yale yale. Kilichobaki Garissa ni swali la Jumamosi, na yeye, akiwa Darasa la Nane, alikuwa ameshatambua kwamba swali hilo ndilo lililombeba kutoka Mathayo hadi hapo. Nilimwambia nitampigia simu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama malengo ya vijana kwa jicho jingine.

Hapa kwetu, kuondoka hakukuja kwa barua moja moja tu. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji huu, la Africa Inland Church (AIC) na Kanisa Kuu la Kikatoliki, yalishambuliwa wakati wa ibada ya asubuhi, na watu wasiopungua 15 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, wanamgambo walikifikia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, wakiwamo vijana waliokuwa wameamkia maombi. Serikali ikatangaza kafyu ya usiku Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Huduma za Walimu ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika shule nyingi za Kaskazini Mashariki.

Siwezi kumlaumu mwalimu aliyepanda basi na mkoba mmoja. Ninachokitazama ni kilichobaki darasani. Mwalimu wa kemia anapoondoka haondoki na kemia tu. Anaondoka akiwa ndiye pekee aliyejua kwamba msichana wa dawati la tatu aliwahi kusema, kwa sauti ya chini, kwamba anataka kuwa mfamasia. Walioumia zaidi hawakuwa wasichana wa kanisa langu, ambao wazazi wao wangeweza kuwapeleka kwa shangazi Machakos au Embu. Walikuwa wasichana Waislamu wa vijiji vya ndani, waliobaki pale pale, na kitabu kisicho na mtu wa kukifungua.

Basi wasichana wangu walitengeneza utaratibu wao, na mimi kazi yangu imekuwa kuulinda. Kila mmoja ana mtu anayemuuliza, na mwingine anayeulizwa naye, na watu hao wawili lazima wawe tofauti. Walisisitiza hilo wenyewe, kwa hoja kwamba wawili wakiulizana watasameheana uvivu. Swali ni moja: wiki hii ulifanya nini? Hawaruhusiwi kuuliza kwa nini hukufanya. Anayeuliza huandika tarehe na neno moja katika daftari la mwenzake, awe amefanya au hakufanya. Na mtu akihama, anayemuuliza haachi. Anaendelea kwa simu muhula mzima, mpaka aliyehama apate mtu mwingine huko aliko. Simu ni ya mzazi, salio hununuliwa kwa kuchanga shilingi kumi kumi, na tumekubaliana kwamba mazungumzo hayavuki dakika tatu.

Nimegundua kwamba wasichana huulizana vizuri kuliko ninavyowauliza mimi. Akiniona mtu mzima nakuja, msichana hutafuta jibu la kunipendeza. Mwenzake anajua kwamba Jumatano walikuwa pamoja wakitazama filamu, kwa hiyo hakuna pa kujificha, na pia hakuna aibu kubwa, maana naye ana Jumatano yake.

Upande wa mwili ulitupa kazi. Wengi huandika kwamba watafanya mazoezi, halafu unawauliza, wapi? Msichana atakimbilia wapi Garissa? Barabarani macho ni mengi, na kufika saa tatu asubuhi jua limeshakuwa kali. Mmoja, aliyekuwa na miguu mirefu na hamu ya kushindania kaunti, aliomba ruhusa ya mchungaji akimbie ndani ya ua wa kanisa alfajiri, kabla ya shule, akizunguka jengo. Askari wa lango alimhesabia mizunguko. Wiki ya pili walikuwa wanne. Siku hizi, ukipita mapema, utasikia nyayo nyuma ya ukuta ambao sisi wazazi tuliujenga tukifikiria usalama tu.

Chini ya upande huo huo kuna jambo ambalo hawakuliandika mpaka walipoachwa peke yao. Walitaka kutokosa shule siku za hedhi. Ipo sheria ya mwaka 2017 inayompa kila msichana wa shule ya umma haki ya kupata sodo bure, na ni sheria nzuri, lakini msichana hawezi kupanga mwezi wake kwa shehena asiyojua itafika lini. Mama mmoja fundi cherehani wa kanisani aliwafundisha kushona sodo za kitambaa. Nilitarajia waone haya. Walishona wakiimba.

Upande wa nne, mbele za watu, ndio ninaouthamini kuliko yote kwa sababu ya mahali tulipo. Msichana anayesoma darasa moja na Wasomali, akiwa Mkristo mmoja kati ya Waislamu wengi, hawezi kuandika kwa wepesi kwamba atapendana na watu wote. Inabidi aseme nani, na atafanya nini. Mmoja aliandika hivi: nitamsubiri mwenzangu msalani. Sikuelewa. Akanieleza kwa upole kwamba rafiki yake hukawia kwa sababu ya alivyokatwa alipokuwa mdogo, na wenzao kwenye foleni humpigia kelele, na wakati mwingine anaamua kuvumilia mpaka arudi nyumbani. Kwa hiyo yeye atasimama mlangoni kila mapumziko mpaka amalize. Ukeketaji umepigwa marufuku nchini tangu 2011, na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya asilimia 97 ya wanawake wa Kaskazini Mashariki wameupitia. Nimezisikia takwimu hizo katika semina za hoteli. Sikuwahi kufikiria kwamba zina foleni na mlango, wala kwamba msichana wa miaka 13 anaweza kuamua kuwa yeye ndiye atakayesimama hapo. Alisimama muhula mzima. Anayemuuliza aliandika neno lile lile kila Jumamosi: alisubiri.

Nilipotaka kuwasimulia habari za mtu mzima aliyefanya jambo kama hilo, nilichagua Salah Farah. Alikuwa mwalimu huko Mandera. Desemba 2015 basi alilopanda lilisimamishwa na wanamgambo karibu na El Wak, abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Salah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Filamu fupi iitwayo Watu Wote, ya mwaka 2017, ilitengenezwa kutokana na kisa hicho. Tuliitazama pamoja kwenye kompyuta ya kanisa, wakalia, na baadaye mmoja akauliza kama Salah alikuwa amepanga kufanya vile. Nikamwambia kwamba nadhani hakuna anayepanga kitu kama hicho asubuhi anapopanda basi. Lakini pengine alikuwa amezoea, kwa miaka mingi na katika mambo madogo, kutomwacha mtu peke yake.

Kisha jirani yangu, mama wa Kisomali ambaye ukuta wetu ni mmoja, akaniuliza tunaandika nini na hao wasichana kila Jumamosi. Nikamweleza. Akafikiri.

"Na huyu wangu?"

"Mama, sisi pale tunaomba. Ni kanisa."

"Sikusema kanisani, Mwalimu. Nasema hapa kwangu."

Ndivyo tulivyoanza Alhamisi jioni barazani kwake, mikeka imetandikwa, chai ya maziwa ya ngamia imechemka na iliki. Wanakuja binti yake, wenzake wawili wa darasani, na wasichana wetu wachache wanaoishi mtaa huo. Tulikubaliana mapema kwamba upande wa Mungu kila mtu anautoa kwao. Binti wa jirani anahifadhi Kurani, na anayemuuliza kila wiki amefika aya ya ngapi ni msichana wa kwaya yetu. Msichana huyo hajui Kiarabu. Anajua kuuliza tu, na kuandika tarehe.

Wapo kanisani walioona si sawa, na niliwasikiliza kwa heshima, kwa sababu wengine wao walizika ndugu katika miaka ile mibaya. Niliwakumbusha kwamba baada ya mashambulizi ya 2012 viongozi wa Kiislamu, Adan Wachu wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya (SUPKEM) akiwa mmoja wao, walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa ya Garissa. Kama Mwislamu alikuwa tayari kusimama mlangoni mwetu tukiwa tunaomba, msichana wetu anaweza kumuuliza jirani yake kama amesoma. Sioni kwamba imani ya yeyote imepungua kwa hilo. Yule wa kwaya ameanza kuhifadhi Zaburi, maana aliona aibu kumuuliza mwenzake jambo ambalo yeye mwenyewe halifanyi.

Utaratibu ulijaribiwa kweli Aprili 2024, Tana ilipofurika. Wasichana wetu kadhaa wanakaa Madogo, ng'ambo ya daraja, kaunti nyingine lakini kanisa moja. Maji yalifunika barabara, watu wakawa wanavuka kwa boti, na mwishoni mwa mwezi boti moja ilizama na watu wakafa. Tuliwakataza wasivuke. Familia mbili ziliingia kambini na godoro na sufuria. Mmoja wa wasichana hao alikuwa amepoteza daftari majini, na mwenzake wa upande huu, aliyezoea kuliandika kila wiki, alikuwa na malengo yote manne kichwani. Akamsomea kwa simu. La pili lilikuwa kumfundisha mdogo wake kusoma, na kambini, ambako shule ilikuwa haijafunguliwa, lilikuwa ndilo pekee lililowezekana. Alimfundisha kwa maandishi ya magunia ya msaada. Mtoto yule alianza kusoma kwa neno mchele.

Kuna malengo ambayo hayaulizwi kwa sauti. Msichana mmoja aliandika, upande wa Mungu, jina la mtu wa nyumbani kwao, akakunja ukurasa na kuubana kwa pini. Aliniambia tu kwamba ni la kusamehe. Nilimuuliza kwanza kama yuko salama, na nilihakikisha kwa njia nyingine pia, kwa sababu hilo ni jambo ambalo mlezi halifichi nyuma ya maombi. Ilikuwa habari ya zamani, na mtu yule alikuwa ameshaondoka katika maisha yao. Hapo ndipo tulipolizungumza kama lengo. Nilimshauri asijiwekee tarehe. Malengo mengine yote tunayapa tarehe, lakini msamaha ukipewa siku ya mwisho humfanya mtoto aseme uongo siku hiyo ikifika. Kila baada ya muda namuuliza kama ukurasa bado umebanwa. Hunijibu kwa kichwa. Si lazima nijue zaidi.

Watu huniuliza kama tunatoa vyeti na nishani kama vyama vingine vya wasichana. Sivipingi, na nimeona msichana akitembea wima kwa sababu ya beji kifuani. Kwetu tumeamua kutovitoa. Anayehama katikati ya muhula angeondoka bila kitu, na nisingependa mtoto aliyejitahidi hadi Februari ajione ameshindwa kwa sababu ya uhamisho wa baba yake. Anaondoka na daftari lenye tarehe zake zote, na jina la atakayempigia simu.

Yule binti wa polisi alimaliza Ufunuo akiwa Lodwar. Sasa ni mwanafunzi wa uuguzi, na kwa hiari yake ndiye anayemuuliza msichana mmoja wa sekondari hapa Garissa. Hawajawahi kuonana. Mama wa huyo mdogo aliniambia kwamba Jumamosi saa kumi na mbili jioni hakuna anayeruhusiwa kugusa simu nyumbani.

Wavulana nao wameanza kulalamika kwamba wao hawaulizwi na mtu. Mchungaji ananitaka niwachukue. Nimemwambia hapana, si kwa kuwakataa, ila kwa sababu wanahitaji mwanamume, mmoja anayekumbuka wanachomwambia na anayetarajia kuwapo hapa mwakani. Amempata fundi wa pampu za maji za mashamba ya mtoni, mtu asiyependa maneno mengi, ambaye mwenyewe alilelewa na mjomba asiyewahi kumuuliza kitu. Jumamosi iliyopita alikuja kukaa nasi chini ya mwarobaini aone tunavyofanya. Wasichana walimpa daftari tupu na kumwambia kwamba mlezi naye huandika manne yake.